Jeni Liitwalo Arlen

Watu wa mahindi wana mila zao, na anayezicheka hajawahi kushinda shambani Iowa mwezi wa Julai. Mila ya kwanza ni kwamba mbegu haiuzwi baina yao. Mtu akikuomba mbegu za mmea wako wa ajabu, hata kama ni hasimu wako na mwaka jana alikusema vibaya mkutanoni, unamtilia punje kadhaa kwenye bahasha unampelekea. Mila ya pili ndiyo yenye meno. Aliyeliona jeni kwanza ndiye mwenye haki ya kulipatia jina, na jina hilo halipinduliwi. Wewe uliyekuja nyuma na jina lako zuri, pole yako, linafutwa.

Profesa Marlys Tveit alizishika mila hizo maisha yake yote, na aliwaimbia wanafunzi wake mpaka wakazichoka. Hakujua kwamba mwaka wake wa mwisho kazini ile ya pili ingekuja kumbishia hodi yeye mwenyewe.

Jeni lake lilikuwa linaitwa Arlen. Arlen alikuwa mdogo wake, na yeye ndiye aliyeuona ule mmea, Agosti ya mwaka sabini na nne, akiwa na miaka kumi na tisa na amechoka hoi kung'oa mahindi yaliyoharibika sura katika shamba la mbegu la baba yao. Ndiyo kazi ya vijana wa huko wakati wa joto: unapita mstari kwa mstari, mche uliokwenda kombo unaung'oa. Ule hakuung'oa. Majani yake yote yalikuwa yamesimama wima, yamelibana bua, hakuna hata moja lililoinama. Akampigia simu dada yake, aliyekuwa chuoni akisomea sayansi ya urithi, akamwambia kuna hindi hapa limenyoosha mikono juu utadhani limeshikwa na polisi, njoo ulione kabla Baba hajalifyeka. Marlys alicheka, akaenda. Desemba ile ile gari la Arlen liliteleza kwenye barafu karibu na daraja, likatumbukia. Alizikwa ardhi ikiwa imeganda.

Marlys alipokuja kulitangaza jeni la mmea ule, alilipatia jina la mdogo wake. Wakubwa zake walinung'unika. Jeni, walisema, huitwa kwa sura ya mmea, haliitwi kwa majina ya ndugu za watu. Yeye akawatazama tu, na wao wakaona haya kuendelea.

Kazi yake yote ilitokana na mmea huo. Yeye na wanafunzi wake ndio walioonyesha jinsi jani la hindi linavyojua mahali pa kujikunja, na kwamba ukilipunguza nguvu jeni lile kidogo tu, bila kulizima, majani husimama kiasi, ukapanda mahindi karibu karibu bila kunyimana jua. Wazalishaji wa mbegu wakalidaka. Vitabu vya shule vikachora picha yake. Makala zikaja kutoka Meksiko, China, Brazili: Arlen amewashwa, Arlen amezimwa, Arlen anazungumza na jeni fulani. Wengi wa walioandika hawakujua kwamba Arlen aliwahi kuwa mtu, tena mtu aliyependa kulala mpaka saa nne asubuhi.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa mama yao, Borghild. Alikuwa na miaka tisini na tatu, anaishi katika nyumba ya wazee mjini kwao, na kila Jumapili binti yake akimtembelea swali la kwanza lilikuwa moja: Arlen hajambo? Mgeni akisikia angedhani bibi wa watu akili imemruka. Thubutu. Akili ya Borghild ilikuwa inakata. Alijua fika mwanawe yuko makaburini nyuma ya kanisa la Walutheri. Alikuwa anauliza habari za jeni. Na Marlys humpa habari: wiki hii ametajwa Japani, mwezi huu kuna kijana amemwandikia tasnifu nzima. Siku moja mwanafunzi kutoka China alipitia kumsalimu bibi huyo, akamwambia kwa adabu kwamba yeye anamfanyia kazi Arlen. Borghild akammiminia kahawa, akamlisha mikate ya viazi yenye siagi na sukari mpaka kijana akaomba rehema, na habari hiyo aliisimulia kwa majirani zake mwaka mzima.

Sasa, Aprili ya mwaka ule wa kustaafu, Gaylord Kucera akaendesha gari kutoka Nebraska bila kutoa taarifa. Kucera alikuwa rafiki yake na mpinzani wake tangu ujanani. Walikuwa wamechaniana makala kwa kalamu nyekundu, wakazikiana wenzi wao, na kila mmoja alidai mahindi ya jimbo la mwenzake ni chakula cha nguruwe. Aliingia ofisini bila kubisha, akaweka kopo la kahawa mezani.

"Kahawa ya Nebraska," Marlys alisema. "Kwani mimi nimekukosea nini?"

"Fungua kwanza, ndipo utukane."

Ndani mlikuwa na kifuko cha kitambaa chenye punje za mahindi, zimekunjamana, zimezeeka. Kifuko kilikuwa na kibandiko, na kibandiko kilikuwa na majina mawili: la jeni, masikio ya sungura, na la mtu, Emmett Sayles. Marlys aliyatambua yote mawili, akakaa chini.

Huyo Sayles alikuwa mwanafunzi wa zamani hizo za vita vikuu vya pili vya dunia. Katika jarida la watu wa mahindi la mwaka arobaini na moja aliandika mistari miwili tu: ameona mmea wenye majani yaliyosimama, ameuita masikio ya sungura, habari zaidi zitafuata. Hazikufuata. Alikwenda vitani, hakurudi. Marlys alipotaka kulipatia jeni lake jina, alifanya kama mila inavyotaka, akaomba mbegu za kila mmea uliofanana na wa Arlen ili aulinganishe. Zote alizipata isipokuwa hizi. Alijibiwa kwamba zimeoza, hazioti tena. Hakuna aliyemlaumu, naye akasahau.

Kucera alieleza kwamba hazikuoza. Marehemu mwalimu wake alizipanda upya miaka ya sitini, akazihamisha rafu, uzee ukamwingia, akasahau. Yeye amezikuta wakati anasafisha chumba cha baridi. Amejaribu kuotesha chache, nyingi zimekufa, lakini zilizoota majani yake ni hivi. Akainua mikono miwili juu, wima.

"Nani mwingine anajua?" Marlys aliuliza. Swali lilikuwa limeshamtoka, akalionea aibu papo hapo.

"Wewe, mimi na hilo kopo."

"Kwa nini hukuzitupa, Gaylord?"

"Mimi ni mwoga, dada yangu. Nikizitupa mimi, nimekudanganya wewe. Nikikupa wewe, ukizitupa ni shauri lako." Akavaa kofia yake. "Zipande, zichome, walishe kuku. Sitauliza. Nikifa utasema nilikuletea kahawa mbaya."

Alipoondoka, Marlys alilisukuma kopo nyuma ya vitabu. Alijiambia ana shughuli nyingi, na kweli alikuwa nazo. Watu wa mahindi walikuwa wamepanga kumuaga kwenye mkutano wao wa Machi inayofuata. Hotuba zilikuwa zinaandaliwa, na wanafunzi wake wa zamani walikuwa wameshachapisha fulana za kijani zenye neno ARLEN kifuani. Walimtumia moja aone kama inamkaa. Ilimkaa. Alipojitazama kwenye kioo alijisikia mwizi, na bado hakuwa ameiba kitu.

Kipimo chenyewe hakina uchawi. Unauoza mmea wa Arlen kwa mmea wa Sayles, chavua ya mmoja juu ya bunzi la mwingine. Kama kasoro zao ni mbili tofauti, kila mzazi atafunika kasoro ya mwenzake, na watoto watazaliwa wazima, majani yao yameinama kama ya mahindi ya watu. Kama kasoro ni ile ile moja, hakuna wa kumfunika mwenzake. Watoto wote watatoka na majani yaliyosimama. Basi. Mkulima yeyote angeelewa, na hakuna hoja ya kisomi inayoweza kukuokoa na jibu lake.

Mwezi Mei alizipanda. Asidhani mtu ni ushujaa. Alizipanda kwa sababu msimu ukipita angelazimika kulala mwaka mwingine na kopo lile nyuma ya vitabu, na tangu Aprili alikuwa halali vizuri.

Julai Kucera akarudi, kofia ya majani kichwani, akisema amekuja kusimamia ili Iowa isije ikaiba kura. Waliingia shambani asubuhi, umande bado unalowesha suruali, wazee wawili wenye magoti mabovu, kila mmoja amevaa aproni yenye mifuko mbele. Mabunzi ya mmea wa Arlen yalikuwa yamefunikwa kwa karatasi kabla ndevu hazijatoka, chavua ya mtu mwingine isije ikaingia. Kichwa cha mmea wa Sayles nacho kilikuwa kimevikwa mfuko tangu jana yake. Marlys aliutikisa, akauchomoa, na chavua ya manjano ikabaki ndani; akauweka upande wa kulia wa aproni.

Kucera alikuwa mwishoni mwa mstari, anapambana na kifungo cha aproni na kutukana kwa Kicheki cha babu zake. Upande wa kushoto wa aproni ya Marlys mlikuwa na mifuko mingine, chavua ya mahindi ya kawaida aliyoikusanya asubuhi ile kwa kazi nyingine. Mifuko yote ilifanana. Akili yake ilimwonyesha jambo hilo bila yeye kuiomba: ukimwaga chavua ya kawaida juu ya bunzi hili, watoto watazaliwa wazima, majani yameinama vizuri, na dunia yote itasema Arlen ni mbali na sungura ni mbali. Asingehitaji hata kusema uongo. Angetia mkono mfuko wa kushoto badala ya wa kulia.

Mkono wake ulikwenda kushoto. Ulikaa huko kidogo. Alimchukia Emmett Sayles wakati ule, chuki ya kweli, mtu ambaye hakuwahi kumwona, kwa kuandika mistari yake miwili na kwenda kufa. Halafu akamwaga ule wa kulia, akalifunika bunzi, akaandika kwa penseli juu ya karatasi ni nani ameozwa na nani.

"Umemaliza?" Kucera aliuliza alipofika.

"Nimemaliza."

"Sikukutazama."

"Najua hukunitazama, mzee mjinga wewe. Ndiyo maana nakwambia nimemaliza."

Walikwenda kula mkahawani, na Kucera akalipia pai ya mmea mchachu wa rubabu, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Septemba mahindi yakakauka. Marlys akapukuchua bunzi lile mwenyewe, akazipanda punje katika trei ya mchanga ndani ya kitalu cha vioo. Jani la kwanza la mche wa hindi halisemi kitu, na la pili husema kwa kigugumizi. Ukitaka uhakika unangoja la tatu na la nne. Aliomba, yeye ambaye kanisani alikuwa anakwenda kwa ajili ya mama yake. Aliomba majani yainame. Alikuwa na haki hiyo. Chavua alikuwa ameshaimwaga kwa uaminifu, na tumaini si udanganyifu.

Jumamosi moja ya Oktoba aliingia kitaluni asubuhi, jua limeshapanda kwenye vioo. Miche ilikuwa imetoka safi, kijani, yenye afya. Majani yamesimama. Alipita trei nzima akitafuta hata mmoja ulioinama, akarudia tena, na hakuupata. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Alilia hapo, kwa sauti, kwa namna ambayo hakulia Desemba ile, maana Desemba ile alikuwa na kazi ya kumshika mama yake.

Alimpigia Kucera akamwambia. Kucera akasema trei ya mchanga haina mdomo, na yeye mdomo wake anajua kuufunga. Marlys alimshukuru, akamwambia atafikiri. Na alifikiri kweli. Arlen alikuwa amekufa mara moja. Je, ni lazima afe mara ya pili, tena kwa mkono wa dada yake? Angengoja mama yao afumbe macho. Mwaka mmoja, miwili. Mila imengoja tangu vita, isingeshindwa kungoja kidogo.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Borghild alikuwa dirishani, anapanga picha ya vipande vipande mezani, miwani puani. Hakuinua kichwa.

"Arlen hajambo?"

Neno lilikuwa moja, jepesi, analijibu kila wiki. Hajambo, Mama. Alifungua kinywa kulisema. Alimtazama mama yake, vidole vimepinda kwa baridi yabisi, vinatafuta kipande cha anga, akaona kwamba akisema hajambo leo atalisema kila Jumapili mpaka mwisho, na kila Jumapili kikongwe huyu atafurahia kitu ambacho hakipo.

"Mama, Arlen anabadilishwa jina."

Akamweleza yote: kopo, shamba, trei ya mchanga. Hakumficha habari za mkono uliokwenda kushoto. Borghild alivua miwani, akaiweka juu ya picha.

"Kwa hiyo wanamfuta."

"Atabaki mkiani, Mama. Wataandika masikio ya sungura, halafu kwa herufi ndogo, aina ya Arlen. Sisi wazee tutaendelea kumtaja. Vijana watakaokuja hawatamjua."

"Sungura," Borghild alisema. "Mimi nimebakiza siku ngapi? Ungeninyamazia, mwanangu. Kungekupunguzia nini kuninyamazia?"

Ilimchoma Marlys mahali alipojua itamchoma. Alijibu kwamba alitaka sana kumnyamazia, kwamba jana yake yote hakuwaza jingine, na kwamba ameshindwa. Mama yake aligeukia dirisha. Mhudumu alileta kahawa, akaona nyuso zao, akaiweka akatoka. Kahawa ikapoa. Nje watu walikuwa wanatoka kanisani wakiagana kwenye maegesho, kila mtu na bakuli lake la chakula cha pamoja mkononi.

"Huyo wa kwanza," Borghild alisema mwishowe, bila kugeuka. "Ni mtu gani?"

Marlys alisema yale aliyoyajua, na hayakuwa mengi. Kijana wa Ohio, mtoto wa mkulima. Alikufa baharini, upande wa Pasifiki, akiwa na miaka ishirini na mitatu.

"Rika langu huyo. Hakunizidi kitu."

"Ndiyo, Mama."

"Mama yake aliambiwa?"

"Kwamba amekufa?"

"Hilo huletwa mlangoni, najua. Nauliza juu ya hindi lake. Kuna mtu alikwenda kumwambia kwamba mwanawe aliliona hili kabla ya watu wote?"

"Hapana, Mama. Ilikuwa mistari miwili tu. Hakuna aliyejua ni kitu gani."

Borghild aligeuka sasa. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti yake ilikuwa imerudi mahali pake.

"Mimi nimepewa zaidi ya miaka arobaini," alisema. "Watu wametoka mpaka China kuja kunitajia mwanangu, nikawamiminia kahawa. Yule mwanamke hakupata hata Jumapili moja."

Marlys aliushika mkono wa mama yake, na mama yake akamwacha aushike.

"Nitajie tena jina la huyo kijana."

"Emmett. Emmett Sayles."

Borghild alilirudia polepole, kulionja. Halafu akalisema tena, kwa sauti ya juu kidogo, kama mama anayemwita mtoto aliye nje aingie ndani ale.